Chupa Iliyovuka Kizingiti

Jumamosi katika nyumba ile ilianza kwa kengele ya baiskeli. Krrring! ikilia langoni, milango ya vyumba vyote tisa ilifunguka kama imevutwa kwa kamba moja, na watu wakatoka na macho ya usingizi na maneno tayari mdomoni. Mzee wa maziwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kengele, aliegemeza baiskeli yake ukutani, akafungua debe, akaanza kupima. Hapo ndipo habari za wiki nzima zilipomwagwa: nani kahama, nani karudiana na mumewe, nani kanunua kochi halipiti mlangoni.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kuleta chupa. Jina hilo alipewa na wapangaji, kwa sababu tangu aamke hadi alale mdomo wake haukupumzika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na alikaa pale kwa shangazi yake, mwenye nyumba. Kila asubuhi alichukua chupa tupu za kioo kwenye rafu ya korido, akamshikia mzee mdomo wa chupa, na kumpasha yale yaliyompita.

"Mzee Kengele, unajua kinyozi wetu kajinyoa mwenyewe, kajikata sikio?"

"Nimesikia toka mtaa wa nne huko," mzee alisema bila kuinua macho kwenye kipimo. "Habari zako zimechacha, mjukuu wangu. Maziwa yangu bado."

Watu wakaangua kicheko, na kinyozi wa chumba cha mbele akalifunika sikio lake kwa kiganja. "Chiriku, siku moja nitakunyoa hicho kidomo!"

Mama wa nyumba hiyo, yaani Shangazi, alikuwa fundi wa shaba. Nyuma ya ua alikuwa na karakana ambamo alitengeneza vishikio vya milango, komeo, bawaba na mabomba. Shaba mpya hung'aa kama jua, lakini wateja wake wakubwa, wajenzi wa nyumba za wageni, walitaka vitu vionekane vya kale. Basi Shangazi alivizeesha. Alivipaka dawa, na shaba ya manjano ikageuka ya kijivu iliyokolea, karibu na nyeusi, kama imeshikwa na mikono ya watu kwa miaka mia.

"Ajabu ya dunia," alikuwa akisema, huku akijishika mikunjo ya paji la uso. "Uzee wa chuma wanaununua. Huu wangu natoa bure, na hakuna anayeutaka!"

Dawa hiyo ilikuwa chumvi, lakini si ya kutia kwenye mboga. Jina lake la vitabuni ni kloridi ya antimoni. Shangazi aliitengeneza mwenyewe mara mbili kwa mwaka, kwa jiwe zito la kijivu linalometameta kama ncha ya penseli. Alilisaga, akalitia kwenye asidi, na hapo harufu ya mayai viza ikautawala mtaa. Siku hizo watoto wote walipelekwa mbali, kwa sababu ile harufu yenyewe ni sumu. Shangazi alifanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa usoni. Alichuja, akavukiza, na mwisho kikabaki kitu cheupe, laini, chenye kuteleza kama mafuta ya mgando. Mafundi wa zamani walikiita siagi, na karakana nzima ikakiita hivyo hivyo.

"Siagi hii haipakwi mkate," Shangazi alimwambia Chiriku siku ya kwanza. "Inapenda maji kuliko samaki. Ikipata unyevu tu wa hewa, inafuka moshi. Ikipata maji yenyewe, tazama." Akadondosha chembe kwenye bilauri ya karakana yenye maji. Papo hapo maji yakavurugika, yakawa meupe pepepe.

"Maziwa!" Chiriku alipiga kelele.

"Si maziwa. Ule weupe ni unga wa madini umejitenga, na maji yaliyobaki yamegeuka asidi. Ukiyaonja, yanakuunguza kwanza, yanakutapisha baadaye, na ukikaa nayo tumboni yanaufuata moyo. Umenisikia?"

Kwa hiyo karakana ilikuwa na sheria zake. Kijiko kikavu, mkono mkavu, mfuniko papo hapo. Na kubwa kuliko zote ilikuwa ule mstari mwekundu uliopakwa kwenye kizingiti: chombo cha karakana hakitoki nje, na chombo cha jikoni hakiingii ndani, hata kijiko cha chai. Shangazi mwenyewe, akitaka kunywa maji, alivua aproni, akanawa, akatoka.

Chiriku aliipenda karakana ile kuliko shule, kuliko kulala, na pengine kuliko kusema. Likizo ijayo Shangazi alikuwa ameahidi kumfundisha kuzeesha shaba kwa mkono wake. Lakini ahadi hiyo ilikuja na onyo. "Nikikuta umegusa kopo la siagi bila mimi, karakana hii utaisikia kwa mbali tu. Nitakurudisha kwa baba yako na mzigo wako kichwani."

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, Shangazi alifunga kwenye gunia vishikio kumi na viwili na kuvipeleka kwa mjenzi. "Ng'arisha hizi bawaba kwa nta," alimwambia Chiriku. "Kopo usilitazame hata kwa jicho la pembeni."

Chiriku alisugua bawaba tatu. Ya nne ilikuwa mkononi mwake pale rafiki yake alipochungulia dirishani. Msichana huyo waliyesoma naye darasa moja aliitwa Madaha, kwa vile alivyotembea akijitazama kivuli.

"Hii ndiyo karakana unayotuchosha nayo darasani?" Madaha alikunja pua. "Nilidhani kuna mashine. Kumbe kusugua vyuma tu, kama mtu anaosha sufuria!"

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko sindano. "Kusugua? Wewe hujui kitu. Humu ndani kuna chumvi inayofuka moshi bila moto."

"Uongo."

"Na maji naweza kuyageuza maziwa."

"Uongo mtupu! Chiriku, hilo nenda kamwambie mdogo wako."

Laiti angenyamaza hapo! Lakini Chiriku hakuzaliwa na breki. Alitazama bilauri ya karakana. Ilikuwa imejaa dawa iliyotumika. Alitoka mbio hadi korido, akachukua chupa moja tupu ya maziwa kwenye rafu, akatia maji nusu, akarudi. Mguu wake ulipouvuka mstari mwekundu, alisita, kama mtu anayekumbuka kuwa ameacha jiko likiwaka. Kisha akaingia. Alifungua kopo. Moshi mwembamba ukainuka ukijikunja, ukali wake ukampanda puani. Alichota kijiko kimoja, na Madaha alipotoa macho, akaongeza cha pili.

Maji yakawa meupe. Yalijaa wingu, wingu likawa zito, na chupa nusu ya maji ikawa, kwa macho ya mtu yeyote, chupa nusu ya maziwa.

"Ewe! Mchawi wewe!" Madaha alipiga makofi.

Hapo lango likalia, na sauti ya Shangazi ikaingia uani, ikigombana na mbebaji aliyekuwa na vishikio vinne mgongoni. Mjenzi alikuwa amevirudisha. Madaha alitoweka kama moshi wenyewe. Chiriku alifunika kopo, akafuta meza, akabaki ameshika chupa. Ataimwaga wapi? Mtaro ulikuwa upande wa Shangazi. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita korido, akaisimamisha ile chupa mwisho kabisa wa rafu, nyuma ya ndoo ya sabuni. Dakika tano tu, alijiambia. Akiondoka nitaimwaga.

Lakini Shangazi hakuondoka. "Chiriku! Kimbia dukani, niletee msasa laini. Huyu mjenzi kaona mkwaruzo ambao hata Mungu hakuuona. Haraka!"

Duka halikuwa mbali, ila palikuwa na foleni, na mwenye duka alikuwa na hadithi ya mkwewe. Siku nyingine Chiriku angeomba irudiwe toka mwanzo. Siku hiyo alisimama akibadilisha miguu kama anayekanyaga makaa. Aliporudi, hata msasa hakuufikisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akaisogeza ndoo.

Chupa ilikuwepo. Lakini haikuwa nusu tena. Ilikuwa imepungua vidole viwili.

Alisimama pale, korido yote ikiwa kimya isipokuwa redio ya kinyozi iliyokuwa ikikoroma kwa mbali. Kisha akasikia mtu anakohoa kwenye ngazi za uani.

Alikuwa Bonge, mtoto wa mwisho wa Shangazi, mwenye miaka saba, mtoto ambaye hakuna kilichopita mbele yake kikasalimika: maganda ya maembe, gamba la mkate, sukari ya wapangaji. Alikaa ngazi ya chini ameshika shingo kwa mikono miwili.

"Bonge. Umekunywa nini?"

"Sijaiba." Midomo yake ilikuwa na ukoko mweupe pembeni. "Niligugumia kidogo tu, kabla hawajaniona. Maziwa ya leo mabaya, dada. Yana ladha ya msumari."

Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aijue dunia, hakikutoka kitu.

Bonge alijikunja, akatapika.

Alitapika tena kabla mama yake hajamfikia, na mara ya tatu akiwa mikononi mwake. Nyumba ile haikuhitaji kuitwa mara mbili. Milango yote tisa ilifunguka. Mmoja akaleta maji, mwingine akaleta ndimu, wa tatu akasema asipewe kitu. Uso wa mtoto ulikuwa umepauka kama majivu, na jasho likimtiririka.

"Kala nini? Mwanangu, umekula nini?" Shangazi alimtikisa.

"Maziwa," Bonge alisema, na macho yake yakazunguka.

Neno hilo moja lilitosha. Likapita mdomo hadi mdomo, na kila lilipopita likaongezeka mkia. Maziwa. Maziwa ya leo. Maziwa ya Mzee Kengele. Hata mimi niliyaona yana povu. Wanatia dawa yasigande. Dawa gani? Ya maiti! Yule mzee tangu juzi hanitazami machoni. Mwanamke wa chumba cha sita akajishika tumbo, akasema naye anasikia vibaya, ingawa maziwa yake yalikuwa bado jikoni hayajaguswa.

Chiriku alisimama nyuma yao wote. Ndani ya aproni yake ya karakana aliificha chupa, na ubaridi wa kioo ulimpenya hadi mbavuni. Sema, alijiambia. Sema sasa. Lakini alimwona Shangazi, macho yamemwiva, akimwinua Bonge, akasikia tena: mzigo wako kichwani. Labda hakunywa sana, alijiambia. Labda ametapika yote. Labda hospitali wanajua wenyewe.

Teksi ikaja. Shangazi akaingia na mtoto. Mlango ukagongwa, na vumbi likabaki hewani.

"Haya," kinyozi alisema, akikunja mikono ya shati. "Sisi tuliobaki tuna kazi."

Mzee Kengele hakuwa amefika mbali. Walimkuta kona ya tatu, akimpimia mwanamke mmoja maziwa. Walikuwa watu kumi walipotoka nyumbani, Chiriku akiwafuata nyuma; walipofika kwake walikuwa arobaini, maana mtaa ule haukuwahi kuona watu wanakwenda kwa hasira usijiunge. Kinyozi akaikamata baiskeli kwa usukani.

"Umemlisha nini mtoto wa fundi?"

Mzee alimtazama, akatazama nyuso zilizomzunguka, nyuso ambazo asubuhi ile ile zilikuwa zikicheka naye. "Mtoto gani? Kafanya nini?"

"Anakufa!" sauti ikatoka nyuma. "Anakufa kwa maziwa yako!"

Mtu akalisukuma debe. Likaanguka, kifuniko kikabiringika, na maziwa yakamiminika barabarani, yakaingia kwenye mtaro yakiwa na majani na vumbi. Ndani kilibaki kiasi kidogo tu. Mzee aliinama taratibu, akalisimamisha debe, akachota kikombe, akanywa mbele yao hadi tone la mwisho.

"Nimewanywesha watoto wenu miaka kumi na tisa," alisema. "Wajukuu zangu ndio hunywa kwanza kila alfajiri. Ningewaletea sumu?"

"Anaigiza huyo!"

"Kajitengea yasiyo na dawa!"

Simu ya kinyozi ikalia. Akainua mkono, watu wakanyamaza. Alikuwa Shangazi, na sauti yake ilikuwa kali hata Chiriku aliyesimama pembeni aliisikia ikitoka kwenye simu. Mtoto bado anatapika. Ameanza kulegea. Madaktari wanataka kuyaona hayo maziwa. Bila kuyaona wanapapasa gizani.

"Nayaleta!" kinyozi alisema. "Yale yale ya mzee, toka kwenye debe lake!" Akaanza kuchota yaliyobaki.

Chiriku alitazama yale maziwa yakiingia kwenye kikombe. Maziwa safi ya ng'ombe. Yatapelekwa hospitali, yatapimwa, na hakuna kitakachoonekana. Watatafuta na kutafuta, na huku kitu chenyewe kimo kwenye aproni yake, na kingine kimo tumboni mwa Bonge, kikifuata kile ambacho Shangazi alisema kinafuata.

"Siyo hayo," alisema.

Hakuna aliyemsikia.

"Siyo hayo! Ni mimi! Maziwa hayana kitu, ni mimi nilitengeneza, ni siagi ya karakana!"

"Chiriku, si wakati wa porojo," mwanamke wa chumba cha sita alimsukuma kando. "Wewe siagi, siagi, na mwenzio yuko kitandani!"

"Nisikilizeni!" Aliitoa chupa, akaiinua juu. Ule unga mweupe ulikuwa umeanza kutuama chini, na juu yake maji yakabaki maangavu, kitu ambacho maziwa hayafanyi kamwe. Watu waliitazama, lakini kinyozi alikuwa ameshaondoka na kikombe chake, na wengine walikuwa wanaendelea kufoka.

Aliyeona alikuwa mtu mmoja tu. Mzee Kengele alisogea, akaishika chupa bila kumnyang'anya, akaigeuza kwenye mwanga. Alizijua chupa za nyumba ile, na alijua maziwa.

"Alikunywa hii?"

"Ndiyo, babu."

"Kiasi gani?"

Hakumuuliza kwa nini. Hakumuuliza umeninyamazia muda gani. Chiriku alionyesha kwa vidole viwili, machozi yakimdondoka mikononi.

"Panda nyuma," mzee alisema. "Ishike chupa kama unashika yai. Isimwagike hata tone."

Akalitupa debe kando, akamnyang'anya usukani mtu aliyekuwa ameushika, na baiskeli ikaondoka. Mzee yule, ambaye kila siku aliendesha kana kwamba barabara ni mali yake na hana haraka nayo, alikanyaga hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kengele haikunyamaza. Waliwapita watu, mikokoteni na foleni ya magari, na walimpita hata kinyozi, aliyekuwa akihangaika kusimamisha pikipiki. Chiriku alisikia pumzi ya mzee ikikwaruza kifuani kama msumeno, na kila pumzi aliihesabu kuwa ni ya Bonge.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali. Alimwona kwanza mzee, na uso wake ukabadilika. "Wewe unathubutu kuja—"

"Shangazi, ni mimi," Chiriku alisema, akampita, akaenda hadi kwa daktari wa zamu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Alikunywa hii. Ni kloridi ya antimoni. Nilitia vijiko viwili vya karakana kwenye maji nusu chupa. Alikunywa kiasi cha vidole viwili, saa nne kasoro hivi."

Daktari aliichukua chupa. Hakupoteza muda kushangaa. "Una hakika ya jina?"

"Antimoni," Shangazi alijibu badala yake, na sauti yake ilikuwa imekufa. "Ni dawa yangu ya kuzeesha shaba. Ndani yake mna asidi pia."

Daktari aliinua kipande cha karatasi ya kupimia, akakichovya, kikawa chekundu. Tayari alikuwa anatembea. "Muuguzi! Mashine ya moyo, sasa hivi! Mtoto asitapishwe kwa makusudi, koo limeungua. Pigeni simu bohari ya dawa, tunataka ile ya kukamata madini." Mlangoni akageuka. "Tulikuwa tunakisia ni maziwa yaliyochacha. Nilikuwa nampa maji ya chumvi na sukari tu, nikisubiri." Akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Waliobaki walikuwa watatu kwenye benchi moja. Ukutani palikuwa na saa. Ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Shangazi aliitazama muda mrefu. "Saa moja na nusu," alisema. "Saa moja na nusu habari hii ulikuwa nayo mdomoni."

Chiriku angeomba apigwe, ingekuwa nafuu. Shangazi hakumpiga. Alikaa tu, mikono yake yenye madoa ya shaba imelala mapajani, akisikiliza mashine iliyokuwa ikilia nyuma ya mlango: ti, ti, ti. Mara moja ilikaa kimya kidogo zaidi ya ilivyopaswa, na wote watatu wakasimama. Kisha ikaendelea. Wakakaa.

Kinyozi alifika na kikombe chake cha maziwa. Alipowaona walivyokaa, na Mzee Kengele katikati yao, hakujua akiweke wapi kile kikombe. Alisimama nacho hivyo hivyo, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Siku mbili daktari alisema, "Bado sijui." Siku ya tatu alisema, "Moyo umetulia." Siku ya tano Bonge alirudi nyumbani, amekonda hata jina halikumfaa tena, na sauti imekwaruzika kama mlango usiotiwa mafuta. Siku hiyo hiyo jioni, jua likiwa bado juu, Shangazi alimshika Chiriku mkono wakaenda nyumbani kwa Mzee Kengele.

Mzee hakuwa amepeleka maziwa popote siku hizo zote. Katika nyumba ya vyumba tisa ukweli ulikuwa umeshajulikana, lakini watu walikuwa wanaona aibu kuusambaza au kumwita, na yeye hakuwa mtu wa kujipeleka. Walimkuta uani amekaa, debe lake lenye bonde ubavuni limepinduliwa pembeni.

"Babu," Chiriku alisema, na hapo maneno yakamgomea, akaanza upya. "Babu, niliwaona wakimwaga maziwa yako. Nilikuwa nimesimama pale. Nilijua. Nikanyamaza."

"Nilikuona ulivyosimama," mzee alisema. "Nikadhani unaniogopa mimi."

"Nilikuwa naogopa kufukuzwa karakana."

Mzee alikohoa, kifua hakijampona tangu siku ile ya baiskeli. "Maziwa yale ningekamua mengine kesho yake. Debe litagongwa lisimame. Lakini kuna bibi mmoja hapo kona ya pili, nampelekea tangu mumewe yu hai. Juzi nilimsalimia, akamvuta mjukuu wake ndani. Hilo, mjukuu wangu, silijui fundi wake."

"Nitakwenda kwake," Chiriku alisema. "Nitakwenda nyumba kwa nyumba. Nitawaambia nilichofanya, na kwa mdomo wangu."

"Na kinyozi atakwenda naye," Shangazi alisema. "Na wale wote wa milango tisa. Nimeshawaambia, asiyekwenda atafute chumba kwingine."

Mzee aliwatazama wote wawili. "Nendeni. Wakishasikia, nitakuja. Siwezi kuwaacha watoto wakae bila maziwa kwa ujinga wa wazazi wao."

Walirudi kwa miguu, polepole. Walipofika kona ya pili Shangazi alisimama.

"Karakana hutaingia mwaka mzima," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Huulizi utarudishwa kwa baba yako?"

Chiriku alitikisa kichwa. Hakuthubutu.

"Hurudishwi. Nami nina langu la kusema, nisikilize." Shangazi alikuwa mtu wa kusema kwa sauti, lakini sasa aliishusha. "Kopo lile nililiacha kwenye rafu ya wazi, nikadhani ukali wangu unatosha kuwa mfuniko. Sasa lina sanduku na ufunguo. Na ukali wangu ndio uliokuziba mdomo; hilo nimelifikiria kila usiku kwa siku tano. Lakini usije ukajificha nyuma ya kosa langu. Kufungua kopo, ni utoto. Kujionyesha kwa mwenzio, ni utoto. Nikikuta hayo nitafoka, nitakupa adhabu, na yataisha. Ila ulipomwona Bonge kwenye ngazi, pale utoto uliisha. Toka hapo kila dakika ulikuwa unachagua baina ya karakana na mwanangu, na kwa saa moja na nusu ulichagua karakana."

Chiriku alilia bila kujifuta.

"Na mwisho ukachagua mwanangu, mbele ya watu arobaini wasiotaka kukusikia. Ndiyo maana yuko nyumbani anadai chakula." Shangazi alimgeuza kwa mabega, akamwelekeza kwenye mlango wa bibi wa kona ya pili. "Ukikosea tena, na utakosea, uje useme ukiwa bado na hofu. Usisubiri hofu iishe. Mimi nitafoka, wewe utalia, lakini mtu atapona. Haya, bisha hodi. Nakungoja hapa."

Chiriku alijifuta uso kwa kiganja, akapanda ngazi mbili, akabisha. Ndani miguu ya kizee ikaanza kuburuzika kuja mlangoni. Safari hii hakusubiri aulizwe.